Penrhyn, Cardiff au Erddig: ukitaka kuona banda la magari ya farasi Wales, uende lipi?

Shemeji yangu anasoma mambo ya ujenzi pale Leicester, na wiki iliyopita kanipigia simu anasema ana siku moja tu ya kupumzika na anataka aitumie Wales. Nikaanza kumtajia ngome, akanikatiza. "Shem, ngome nimeona mpaka nimechoka, ni kuta na minara tu. Mi nataka nione walikokuwa wanaweka farasi na yale magari yao. Lipi zuri?" Aisee swali lilinifurahisha, maana mi mwenyewe tukifika kwenye hayo makasri ya matajiri wa zamani mke wangu na watoto wanaenda kuangalia vitanda na vyombo vya fedha, mi napotelea uani. Nikamrekodia voisi ya dakika kumi na moja, akaniambia hasikilizi voisi ndefu namna hiyo, niandike. Haya nimeandika.

Ila ujue unayesoma naye. Mi ni fundi, mtu wa Tanga, nipo Birmingham mwaka wa tisa sasa nakarabati nyumba za watu, kwa hiyo jicho langu linaenda kwenye mfereji wa maji kabla halijaenda kwenye nakshi. Kama wewe ni mtu wa nakshi, ushauri wangu uchukue na chumvi yake.

Tuelewane kwanza tunaongelea kitu gani. Jina lake la Kiingereza, coach house, ukilitafsiri kichwakichwa unapata "nyumba ya makochi", mtu atadhani unauza sofa. Mi naita banda la magari ya farasi, ingawa hata neno banda linadanganya, kwa sababu kwenye haya makasri banda lenyewe linaweza kuwa kubwa kuliko shule ya msingi niliyosoma. Kazi yake ni kama uchukue gereji, sheli na nyumba ya dereva uvitie kwenye ua mmoja: farasi wanalala huku, magari yanakaa kule, nyasi kavu zipo darini, masaisi wanalala juu ya farasi wao, na samadi nayo ina pa kwenda.

Na havikupangwa ovyo. Chukua hili la magari kutengwa na farasi. Mkojo wa farasi unatoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho ukiingia banda la kuku ambalo halijafagiliwa, na amonia inakula vanishi. Gari la tajiri lilikuwa linapakwa rangi na vanishi tabaka kwa tabaka, kazi ya wiki na wiki, sasa ukililaza chumba kimoja na farasi sita umelitupa. Kwa hiyo mjenzi anayejua kazi yake anaweka ukuta katikati, na mlango wa chumba cha magari anautazamisha upande ambao jua haliupigi sana, rangi isije ikapasuka. Chumba cha matandiko lazima kiwe na pa kuwasha moto, na moto huo si wa saisi kuota, ni wa ngozi: hatamu na mikanda ikikaa kwenye unyevu wa Wales mwezi mzima inaota ukungu kama mkate. Sakafu ya farasi ina mteremko kidogo kuelekea mferejini. Juu ya paa unakuta kijumba kidogo chenye mbao za kupitisha hewa, joto la farasi litoke. Na pengi utakuta saa kubwa juu ya lango, maana bwana akisema gari liwe mlangoni saa tatu na nusu, ni saa tatu na nusu. Ukishajua haya, unaingia ua wowote unauangalia dakika tano unajua kabisa huyu alijengea farasi au alijengea macho ya watu.

Na hicho ndicho kipimo changu hapa, sina kingine.

Tuanze na Penrhyn, iko nje kidogo ya Bangor, kaskazini kabisa, unaiona bahari. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana sisi tunatofautisha ngome na kasri, na Penrhyn ni kasri lililovalishwa nguo za ngome. Halijawahi kupigana na mtu. Lilijengwa miaka ya 1820 na 1830, mchora ramani Thomas Hopper, mwenye mali George Hay Dawkins-Pennant, na mtindo walioutaka ni wa Kinormani, yaani wa miaka kama mia saba nyuma yao: matao ya nusu duara, kuta za kutisha, mnara mkuu umeigwa kwenye ngome ya Hedingham kule Essex. Kwa ukubwa, lina mapaa 70 yanayofunika zaidi ya eka moja. Mapaa 70! Mi nikipewa nyumba yenye mapaa matatu yanayokutana naongeza bei, maana najua pale pa kukutania ndipo patakapovuja.

Banda la farasi la pale halijajitenga pembeni, limeshonwa kwenye mwili wa kasri. Ukuta unatoka kwenye makazi ya bwana, unapita kwa watumishi, unaendelea hadi kwa farasi, minara ikiwa imepandwa njiani, na ukisimama mbali hujui vyumba vya kulala vinaishia wapi na farasi wanaanzia wapi. Ni makusudi hiyo. Hopper aliwatumia farasi kulirefusha kasri, bila ua wao lisingelala kwenye kile kilima kama linavyolala. Kuna mnara mmoja pale unaitwa Mnara wa Samadi. Sitanii, ndilo jina lake rasmi, samadi ile ile tunayomwaga kwenye migomba, na ukiuangalia kwa nje unaweza kuapa kuna askari na pinde ndani. Nilicheka peke yangu pale chini mpaka mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kama nipo sawa.

Sasa kwa fundi: ngozi ya nje ni jiwe la chokaa la kisiwa jirani cha Anglesey, limechongwa vizuri sana, nyuma yake kuna mawe ya kawaida ya hapo hapo, ndani kabisa ni tofali. Ule unene unaouogopa kwa nje ni kama sandwichi. Na juu, nyuma ya yale meno ya ngome, sehemu kubwa ya mapaa ni bapa, yamefunikwa kwa mabati ya madini ya risasi ili yasionekane. Fikiria, mtu mwenye machimbo makubwa ya sleti, yale mawe yanayopasuliwa bapa ya kuezekea, sleti yake imeezeka nyumba za nusu ya Uingereza, halafu kasri lake anaezeka risasi, kwa sababu ngome ya Kinormani ikionyesha paa la mteremko wa sleti inaonekana nyumba ya kawaida. Sleti akaipeleka ndani, kuna mpaka kitanda cha sleti cha tani moja, kilitengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria alipokuja 1859, na inasemekana alikataa kukilalia. Simlaumu.

Pesa ilitoka wapi, hii usiiruke, maana ukiwa umesimama kwenye ule ua na ngozi yako nyeusi unaisikia mwilini. Kina Pennant walikuwa na mashamba ya miwa Jamaica. Utumwa ulipofutwa, Dawkins-Pennant alilipwa fidia pauni 14,683 kwa watu 764 aliokuwa anawamiliki. Aliyelipwa ni yeye, hao 764 hawakupata hata senti. Upande wa pili kulikuwa na wachimba sleti wa Bethesda, mji wa jirani, ambao mwaka 1900 waligoma na mgomo ukaenda hadi 1903, na kwenye madirisha ya nyumba wakabandika karatasi kwa Kiwelisi kwamba ndani ya nyumba hii hakuna msaliti. Mpaka leo Bethesda kuna familia ambazo kasri hilo hazijakanyaga, na mi nikifikiria naona wana haki.

Ndiyo maana kilichomo leo kwenye banda la farasi kinanigusa kuliko kasri lenyewe. Wameweka treni za machimbo. Kuna moja inaitwa Charles, ilitengenezwa na kiwanda cha Hunslet mwaka 1882 kuvuta sleti ya Penrhyn, na ni kadogo, yaani reli yake upana ni kama sentimita 58. Sisi reli yetu ya zamani ya mita moja huwa tunaiona nyembamba, hii ni nusu yake na ushee! Mwanangu wa kiume aliisimamia pembeni akawa anaona mpaka juu ya boila. Kuna nyingine ya zamani zaidi, Fire Queen ya 1848, hii ya machimbo ya Dinorwic, na hiyo reli yake ni pana, mita moja na sentimita ishirini na kitu. Mwanangu kaniuliza mbona treni zinalala kwa farasi. Nikamwambia wakubwa wa farasi walishaondoka. Sikuwa na jibu zuri zaidi.

Ubaya wa Penrhyn kwa mtu kama shemeji ni huo huo uzuri wake: treni zimekalia nafasi. Ukitaka kujua farasi alifungwa wapi, maji yalienda wapi, nyasi zilishuka wapi, unahangaika kuchungulia nyuma ya magurudumu. Jengo lenyewe ukilisoma kwa nje halikuambii kitu kuhusu farasi, ni ukuta na mnara, ukuta na mnara. Huyu alijengea macho. Lakini alijua kujenga, siwezi kumnyima hilo.

Cardiff ni habari nyingine kabisa. Pale mwenye mali ni Bute, Marikizi wa tatu, cheo cha ukabaila hicho, pesa za makaa ya mawe na bandari, na mchora ramani wake ni William Burges, mtu mwenye fujo ya ajabu, akikuchorea chumba anataka kila kona iwe na ndege au nyani au malaika. Ukiingia kasri la Cardiff kichwa kinauma kwa rangi na dhahabu. Sasa huyo huyo Burges mwaka 1868 na 1869 kachora mabanda ya farasi ya kasri, yapo kaskazini ya ule uwanja wa kasri, kando ya barabara ya North Road, nyuma yake ni bustani ya Bute Park. Na ukifika unajiuliza, ni mtu yule yule kweli? Kumetulia. Mawe, mapaa ya mteremko mkali, ua katikati, majengo ya chini chini yanayouzunguka kama watu waliokaa barazani wanasubiri kahawa. Nakshi kidogo tu, pale inapostahili.

Mi naliona hili ndilo darasa kubwa la Cardiff. Hopper kamvalisha farasi nguo za vita ili kasri lake lionekane refu. Burges, ambaye alikuwa na hela ya kufanya upuuzi wowote anaotaka, alipofika kwa farasi akafanya kazi. Mapaa ya mteremko kwa sababu Cardiff inanyesha, basi. Ua wa kutosha gari kugeuka. Wala hakuhitaji banda lionekane kutoka mbali, liko nyuma, linajijua lenyewe.

Tatizo, huingii hovyo. Mabanda yale leo ni sehemu ya Chuo cha Kifalme cha Wales cha Muziki na Maigizo, yaligeuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwa jengo la muziki na kupewa jina la Anthony Hopkins, yule mwigizaji, ambaye alisoma chuo hicho hicho akamaliza 1957. Kwa hiyo badala ya farasi unasikia mtu anapiga tarumbeta, anakosea, anarudia, anakosea palepale. Siku niliyokwenda kulikuwa na mtu ndani anafanya mazoezi ya sauti moja tu, ile ile, robo saa nzima, nikasimama nje kwenye mvua namsikiliza kama mjinga. Kwa kweli kama ni kugeuza matumizi, hii ni akili, kuta nene zilizokuwa zinazuia baridi sasa zinazuia kelele. Karibu yake mwaka 2011 wameongeza jengo jipya la vioo na mbao lenye ukumbi wa muziki na ukumbi wa maigizo, na wanafunzi wa ujenzi wanapenda sana kupiga picha pale zamani na sasa vinapokutana. Shemeji angefurahi. Mi naona hilo jipya zuri ila linapiga kelele kidogo mbele ya mzee wake.

Faida nyingine ya Cardiff, kwa nje unaliona bure, na huhitaji gari. Unashuka kituo kikuu cha treni, unatembea kama dakika ishirini, njiani unapita ukuta wa wanyama wa mawe wa kasri, wamechongwa wanachungulia barabarani juu ya ukuta, kuna simba, kuna dubu, kuna fisi pia. Fisi! Cardiff! Nilimpiga picha nikamtumia mdogo wangu Handeni, akajibu: "kanenepa kuliko wa kwetu."

Haya, sasa Erddig, na najua mtu atanijia juu kwamba Erddig sio ngome wala kasri. Sawa. Ni nyumba kubwa ya tajiri wa shamba, kusini kidogo mwa Wrexham, ilianza kujengwa miaka ya 1680. Ukishikilia lazima uone ngome, ngome ya Chirk iko jirani, hiyo ni ya kweli kabisa, ilianza 1295, mnaweza kuziunga siku moja mkiwa na gari. Lakini nimeiweka Erddig humu kwa makusudi, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambapo ua wa farasi bado unaonekana ua wa farasi.

Ulijengwa 1774, wakati wa Philip Yorke wa kwanza, kwa tofali. Angalia hapa: karibu na miaka hiyo hiyo nyumba kubwa ilivishwa mawe upande wa magharibi, kwa sababu upepo na mvua ya upande ule vilikuwa vinaitafuna tofali. Bwana akapata suti ya mawe, farasi wakabaki na tofali yao. Lakini ni tofali nzuri, nyekundu iliyoiva, na upangaji wa milango na madirisha una utulivu fulani, hakuna aliyetaka kumdanganya mtu kwamba hapa ni ngome. Kuna matandiko, kuna magari ya farasi yenyewe, halafu baiskeli za zamani na magari ya mwanzo mwanzo ya petroli, kwa sababu hiyo familia ya Yorke ilikuwa na ugonjwa wa kutotupa kitu. Kila mtu ana shangazi wa hivyo, ana ndoo bila mpini tangu enzi za Mwalimu, ukimwambia atupe anakuuliza kwani inakula?

Kinachoniua mi Erddig ni kwamba banda la farasi halipo peke yake. Linaendelea kwenye ua mwingine na mwingine: karakana ya seremala, ya mhunzi, kwa madobi, tanuri la mikate, na lipo shimo la kupasulia mbao, lile ambalo gogo linalazwa juu, mtu mmoja anasimama juu yake na mwenzake yumo shimoni, wanavuta msumeno mrefu. Nililiangalia shimo lile muda mrefu maana babu yangu alipasua mbao hivyo hivyo Usambara, na siku zote alikuwa anasema wa juu anaona mstari, wa chini anakula vumbi. Huko huko Erddig alikuwepo mtu wa chini aliyekula vumbi. Halafu wageni hamwingizwi kwa mlango wa mbele, mnapita huku huku uani, kwa watu wa kazi kwanza, ndipo mnafika kwa mabwana.

Na huko kwa watu wa kazi ndiko kuna picha. Kina Yorke walikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa matajiri wengine, waliwachora watumishi wao na kuwaandikia mashairi, seremala, mlinzi wa pori, wote wametundikwa ukutani. Mmoja wao ni kijana mweusi, saisi wa gari la farasi, kashika baragumu. Picha inasemekana ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1700, shairi liliandikwa baadaye sana, na linakiri lenyewe kwamba habari zake ni chache, ila aliishi hapa na alipuliza baragumu kwa Bwana Meller, aliyekuwa na nyumba kabla ya kina Yorke. Basi. Mtu katoka huko alikotoka, kafika Wrexham, kapuliza baragumu, na alichobakiza ni picha na shairi la mtu ambaye hakumjua. Nilitoka pale nikarudi tena uani, nikasimama karibu na yale magari, na ndipo ua wote ukabadilika machoni mwangu. Ua ule ulijengwa baada yake, najua, yeye hakuukanyaga. Lakini kazi ni ile ile.

Kwa fundi kuna kingine cha kuongeza. Chini ya Erddig walichimba makaa ya mawe, mgodi wa Bersham, ardhi ikashuka, nyumba ikazama upande kama futi tano na maji yakawa yanaingia juu, mpaka Philip Yorke wa mwisho akaikabidhi kwa Nashno Trasti, shirika linalotunza majengo ya kale, mwaka 1973. Waliikazia msingi. Ukiwa pale uangalie mistari ya tofali kwa jicho la kufumba moja, utaona.

Hizo mbili nyingine ambazo watu huwa wanataja nazisema harakaharaka. Powis, karibu na Welshpool, ina banda na gari la kifahari, lakini twende kwenye ukweli, watu wanaenda kwa ajili ya bustani za ngazi ngazi na ile mali ya India ya kina Clive, familia iliyotajirikia huko enzi za ukoloni, na banda linakuwa la kupitia ukiwa unaelekea chooni. Tredegar House, Newport, sio ngome nayo, mabanda yake ni ya tofali na ni ya kifahari mno, farasi wa pale walikaa kama mawaziri. Mmoja wao, Sir Briggs, alienda vitani na bwana wake Godfrey Morgan, alikuwepo Balaclava 1854, vita vya Krimea, kwenye ile mbio ya kujiua ya wapanda farasi, akarudi mzima, akafa 1874 na kaburi lake lipo bustanini na nguzo yake. Kama watoto wako wanapenda farasi kuliko tofali, peleka Tredegar ufunge mjadala.

Sasa kuchagua. Mvua ikiwa inanyesha, na itanyesha, Cardiff itakutesa kwa sababu unaangalia kwa nje, Penrhyn na Erddig una pa kujificha. Usafiri bila gari, Cardiff inawaacha wenzake mbali, Bangor treni inafika lakini safari kutoka katikati ya Uingereza inakula siku, na Wrexham ukishuka kituoni bado una mwendo wa maili mbili hivi, tembea au chukua teksi. Hela: kadi ya Nashno Trasti inakuingiza Penrhyn, Erddig, hata Powis na Tredegar, kwa hiyo kama unayo usiwaze, kama huna na mko watano na watoto, piga hesabu kwanza na uangalie siku za kufungua, maana majira ya baridi wanafunga sehemu sehemu na utakuta geti. Sisi lilitukuta hilo mwaka wa kwanza, tumeendesha saa mbili na nusu, pilau kwenye hotipoti, tukaila kwenye parking tunaangalia ukuta.

Kwa mwanafunzi wa ujenzi anayetaka kujua jengo lilivyofanya kazi, Erddig, bila kusita. Anayetaka kuona jinsi jengo linavyotumika kutisha watu, na aone pesa ya utumwa na jasho la machimbo vimesimama kwenye kipande kimoja cha mawe, Penrhyn. Anayefikiria kugeuza majengo ya zamani yawe na kazi mpya, na ana nauli ya treni tu, Cardiff. Mi mwenyewe ukinipa siku moja narudi Erddig, ila nitakwambia ukweli, usiku nikifumba macho ninachokiona ni ule ukuta mrefu wa Penrhyn. Sijui kwa nini, wala sipendi.

Nimemtumia shemeji haya yote juzi. Jana kajibu, anaenda Penrhyn, na sababu aliyonipa sio Hopper wala sleti wala amonia. Anataka apige picha chini ya Mnara wa Samadi amtumie mama, yaani mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka mitatu amekuwa anauliza hivi huko Uingereza mtoto wangu anasoma nini hasa.